Muda Ulikwisha, Akarudi

Hasira za Mama Pasi hazikuanza siku aliyorudi mwanawe. Wapo wanaosema alizaliwa nazo, na wapo wanaosema alizipata mezani, kwenye ile meza yake ya kupigia pasi iliyo katika chumba cha mbele kinachotazama barabara. Chumba hicho hakina pazia. Anataka kuona nani anapita na kavaa nini, na ukipita na shati lililokunjamana atakuita hata kama hakujui. "Wewe baba, nyumbani kwenu hakuna mtu?" Pasi yake ni ya mkaa, nzito, mpini wa mbao umekonda kwa kushikwa. Mwanawe aliwahi kumnunulia ya umeme. Aliipokea, akaipima mkononi, akaifungia kabatini. "Hii inapapasa nguo," alisema. "Haipigi."

Shule alikwenda kidogo tu, akaachishwa ili alee wadogo zake, na baba yake aliyemwachisha hakusamehewa hata siku alipozikwa. Mume naye alikuja, akakaa, akaondoka, na habari zake zinaishia hapo. Mtoto alikuwa mmoja. Huyo alisomeshwa kwa pasi hiyo hiyo, kola moja baada ya nyingine, mpaka akawa mwalimu wa chuo kikuu cha mji wao, akifundisha mambo ya udongo. Alipopata shahada ya juu kabisa mtaa ukaanza kumwita Dokta, na wazee wakaanza kumletea magoti yaliyovimba. Huwaambia, "Mzee wangu, mimi ni daktari wa udongo." Wao humjibu, "Sawa, lakini tazama tu."

Sasa, yapo mashirika ya nchi za mbali yanayotoa ufadhili kwa walimu wa vyuo. Unakwenda kwao mwaka mmoja, unafundisha vijana wao, unafanya utafiti wako katika maabara zao, nauli na nyumba ni juu yao, kisha unarudi kwenu na ulichokipata. Hilo la kurudi limeandikwa na unalitilia sahihi. Pale chuoni walimu wawili walishakwenda kabla ya Dokta, mmoja wa wadudu wa pamba na mmoja wa hesabu. Hakurudi hata mmoja. Mtaa haukuona ubaya wowote, ulishangilia. Mama wa yule wa wadudu alijengewa nyumba yenye vigae, na tangu aanze kuvaa miwani ya jua hasalimii kwa mdomo, anainua kidole.

Kwa hiyo Dokta alipomwambia mama yake, "Nimepata ufadhili, nakwenda mwaka mmoja," mama alisikia kama anavyosikia kila mtu wa mtaa ule. Mwaka mmoja ni maneno ya ofisini, ya kuwaridhisha wenye mihuri. Mtu akienda, kaenda. Alimpigia pasi mashati yote, akamsindikiza bila chozi, na alipotoka kumsindikiza akawaambia majirani, "Mwanangu ndio huyo. Tutaonana kwenye picha."

Dokta akaenda. Akafundisha, akafanya utafiti wake wa ardhi iliyoharibiwa na chumvi. Mwaka ukakwisha, akarudi.

Alirudi mchana kweupe, mama yake akiwa katikati ya suruali ya mtu wa benki. Teksi ikasimama mlangoni, akashuka na sanduku lile lile aliloondoka nalo na boksi moja lililofungwa kamba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Alimtazama, akalitazama sanduku. "Umesahau nini?"

"Sijasahau kitu. Nimerudi. Mwaka umekwisha."

"Mwaka wa nani?"

"Wa ufadhili, mama. Si nilikwambia?"

"Uliniambia," alisema, akaishusha pasi juu ya suruali kwa nguvu mpaka meza ikalia. "Na ukikwisha ndio mtu anarudi?"

Hakumkumbatia. Alimwonyesha kwa kidevu mahali pa kuweka boksi, akamalizia mguu wa pili wa suruali, na mstari wake ulinyooka kama umepigwa kwa rula, kwa sababu hasira haijawahi kumharibia kazi mama yule. Humharibia vingine vyote.

Kabla jua halijashuka mtaa ulikuwa umeshaingia ndani. Wa kwanza alikuwa Fundi, mwanamke mwenye cherehani kwenye baraza ya upande wa pili wa barabara. Wamejuana tangu ujana, na nguo zote anazoshona Fundi huvuka barabara kuja kupigwa pasi kabla ya kukabidhiwa wenyewe. Siku hiyo hakuja na nguo. Alikuja taratibu, akavua viatu mlangoni kama anaingia msibani, akakaa ukingoni mwa kiti.

"Pole, shoga yangu."

"Pole ya nini?"

"Basi tu. Mradi karudi mzima. Wengine wanarudishwa na pingu mikononi."

"Nani ana pingu?"

"Sikusema yeye. Nasema wengine."

Kisha akaja Mjomba, yaani kaka yake Mama Pasi. Ni mdogo kwake kwa kuzaliwa, lakini hupenda kuingia nyumba ya dada yake kama baba mwenye nyumba. Alimshika mpwa wake bega akamvuta pembeni, ila sauti yake ni ya mtu aliyezoea kuita punda, kila mtu alisikia.

"Niambie mimi, mwanamume kwa mwanamume. Ulimpiga mtu?"

"Hapana, mjomba."

"Kuna mke wa mtu?"

"Hakuna."

"Makaratasi, basi. Makaratasi yalikuwa na kasoro."

"Makaratasi yangu safi yote. Muda ulikwisha, nikarudi."

Mjomba akamgeukia dada yake, akatikisa kichwa. "Hataki kusema. Msimlazimishe. Mambo haya yanamkaa mtu moyoni." Huruma hiyo haikumzuia kufungua boksi. Alipoona ni vitabu na makaratasi tu, akalifunga tena kwa upole, kama mtu aliyefunua uso wa maiti. "Wenzako wanarudi na televisheni," alisema. "Wewe umerudi na shule."

Dokta alicheka. Mama yake hakucheka. Alikuwa na hasira mbili, na zilikuwa zinagombania mlango mmoja. Moja ilikuwa ya wale wanaokuja kumpa pole kwenye nyumba yake mwenyewe. Ya pili ilikuwa ya huyu aliyewapa sababu. Walipoondoka ndipo ikatoka hii ya pili.

"Kule walikufukuza?"

"Mama, na wewe?"

"Nijibu."

"Hawakunifukuza. Yule profesa niliyekuwa naye alinitaka nibaki. Alisema zipo njia, angenisaidia."

Hapo ndipo alipoiweka pasi chini kabisa. "Ukapewa, ukakataa?"

"Nilitia sahihi kwamba nitarudi. Nikibaki na mimi kama wale wawili, chuo chetu hakipewi nafasi tena. Kuna binti msaidizi wangu pale idarani, jina lake ndilo linalofuata. Nikitoroka mimi, nimemfungia mlango. Halafu nina wanafunzi. Nina vipindi."

"Huyo binti ni nani kwako?"

"Mfanyakazi mwenzangu."

"Kumbe si hata mchumba," alisema Mama Pasi, na tangu hapo hakumsemesha mwanawe ila kwa chakula na kwa mlango. Kula. Funga. Kimya chake si kimya cha watu wengine. Kina kelele ya pasi ndani yake.

Sasa basi, katika mashati yote yanayopita juu ya meza ile, yaliyo magumu kuliko yote ni ya Mkuu wa chuo. Meupe, kola zake zinatakiwa zisimame kwa wanga kama ubao. Huletwa na kuchukuliwa na dereva wake, mtu mwembamba asiye na baya, ila mdomo wake hauna breki kama za gari analoliendesha. Alikuja kuyachukua siku chache baada ya Dokta kurudi, akaegemea mlango.

"Mama, nasikia Dokta wamemrudisha. Pole sana. Hata Mkuu nikimwambia atasikitika."

Angekuja siku nyingine labda angejibiwa vingine. Lakini mama alikuwa ameshapewa pole na muuza mkaa, na kinyozi, na yule mama wa vigae, ambaye siku hiyo alikuwa ameshusha miwani yake ili amwonee huruma vizuri. Alikuwa kashiba pole. Akafunga kifungo cha juu cha shati la Mkuu, akalinyoosha mikono, akasema bila kuinua uso:

"Nani amrudishe? Yuko likizo. Mwezi ujao anaondoka, wamempa kazi ya kudumu kule. Kaja kuaga tu na kuchukua vyeti vyake."

"Haa. Kumbe."

"Kumbe nini? Mtaa huu mkiona mtu na sanduku mnafikiri kesi."

"Basi hongera, mama."

"Asante. Shika kwa hanga, usiyakunje."

Na kweli, lile neno lilifanya kazi kuliko wanga. Kufika jioni mtaa ulikuwa umebadilika sura. Fundi alivuka barabara amevaa viatu, anacheka, akamwita Mama Dokta, jina ambalo hakuwahi kumwita. Mjomba alikuja na kijana wa rafiki yake, amtazame Dokta vizuri usoni, asije akamsahau akifika kule. Mama wa vigae aliinua vidole viwili. Mama Pasi alikaa kwenye kiti chake amejaa kama mto mpya. Dokta hakuwepo, alikuwa kwenye maktaba akipanga masomo yake, wala hakujua kwamba nyumbani ameshasafirishwa.

Alijua alipokwenda idarani kuchukua ratiba. Jina lake halikuwemo. Vipindi vyake vyote vya udongo vilikuwa vimepewa watu wawili, mmoja wao mtu wa mifugo. Alipouliza, mkuu wa idara hakutaka kumtazama usoni. Alisema amri imetoka juu, kwamba Dokta anaondoka tena, na safari hii chuo hakitaki kushtukizwa mwaka ukiwa katikati. Kikao cha mwisho cha kugawa vipindi kilikuwa bado, lakini bila neno la Mkuu hakuna kitakachobadilika. Na barua ya yule binti, ya kumpendekeza kwa wale wafadhili, ilikuwa mezani kwa Mkuu, haijatiwa sahihi. Mkuu alikuwa amesema hapeleki mtu tena.

Dokta alirudi nyumbani uso umemvimba. Mtu mpole akikasirika hajui afanye nini na mikono yake. Alizunguka chumba cha mbele anagusa vitu.

"Kuna mtu kanimaliza, mama. Mtu kakaa chini akatunga kwamba natoroka. Nimevuka bahari kurudi kwenye darasa langu, nimekuta kiti kina mtu wa ng'ombe."

Mama Pasi alikuwa anapiga pasi shuka. Shuka ni kubwa, inaruhusu mtu kuinama sana.

"Nikimjua," alisema Dokta, "nikimjua tu."

Alikuwa hajakaa alipoingia yule binti msaidizi wake. Alikuwa mfupi, mwepesi wa kutembea, na alikuwa amekuja kwa miguu kutoka chuoni kwa sababu ya hasira. Alimwamkia mama vizuri, "Shikamoo mama," akaitikiwa, "Marahaba mwanangu," kisha akabaki amesimama anashika mkoba wake.

"Nimemfuata dereva wa Mkuu," alimwambia Dokta. "Nimemuuliza kayatoa wapi. Kanitajia."

"Nani?"

Binti aliitazama meza. Kisha akamgeukia mama na kusema kwa adabu, ile adabu inayokata, "Mama, dereva anasema aliambiwa hapa. Kwamba ni wewe uliyemwambia. Kama kasema uongo nitamrudia."

Mama Pasi angeweza kukana. Dereva ni dereva, nani angemwamini. Lakini alikuwa na kiburi cha aina nyingine: akisema kitu, kasema. Akakunja shuka pembe kwa pembe.

"Nilimwambia."

Dokta alikaa. "Kwa nini?"

"Walikuwa wananipa pole. Nyumbani kwangu. Yule mwenye vigae alishusha miwani."

"Mama. Kwa ajili ya miwani?"

"Wewe unaweza kucheka. Mimi siwezi. Nimesimama hapa tangu hujajua kutambaa, sijawahi kuonewa huruma na mtu. Wewe umekuja na sanduku lako ukanianika hadharani."

"Nimerudi kazini kwangu. Ndilo kosa langu? Nimetoa neno, nimelitimiza, na mtu wa kwanza kunichongea ni wewe. Bora ungewaambia nilifungwa. Mfungwa angerudishiwa darasa."

Binti alitaka kutoka, Dokta akamzuia kwa mkono. Alikuwa hajamaliza. "Na huyu je? Barua yake Mkuu hataki kuitia sahihi. Kasubiri zamu yake muda wote huo akifundisha vipindi vyangu nikiwa sipo. Yeye kakukosea nini?"

Mama akamtazama binti. Binti hakulia, wala hakusema si kitu, kama wanavyosema watu. Alisema, "Mama yangu mimi ameshanunua sanduku," akaaga, akatoka.

Dokta naye alichukua sanduku lake akaenda kulala kwa rafiki yake karibu na chuo. Boksi la vitabu aliliacha. Mama hakumwita. Alisimama mezani akapiga pasi mpaka nguo za watu zikaisha, kisha akaanza zake za kabatini, ambazo zilikuwa zimeshapigwa.

Kesho yake mashati ya Mkuu yalikuwa tayari tena. Dereva alipokuja aliyakuta yananing'inia, akanyoosha mkono, mama akaupiga kofi.

"Nitayapeleka mwenyewe."

"Mama, gari lipo hapa."

"Basi nipeleke na mimi."

Alipanda kiti cha nyuma, mashati mapajani, mgongo wima, akashuka chuoni kama mgeni rasmi. Katibu wa Mkuu alimwambia aache nguo pale. Hakuziacha. Aliambiwa Mkuu ana shughuli. Akasema shughuli yake ndiyo aliyoibeba, na akabaki amesimama mbele ya mlango na hanga zake mpaka mlango ukafunguka wenyewe, Mkuu akitaka kutoka.

Mama alikuwa hajawahi kumwona kwa karibu. Alimjua kwa kola. Mkuu alikuwa mtu mzito, macho yamechoka.

"Mwanangu unamnyima darasa kwa maneno yangu," alimwambia, hata hajakaribishwa kiti. "Nimekuja kukwambia maneno yale ni uongo. Nilimdanganya dereva wako. Haondoki, hajapewa kazi popote. Mrudishie vipindi vyake, na yule binti mtilie sahihi barua yake."

Mkuu aliyapokea mashati, akayatundika nyuma ya mlango, akarudi kukaa. Alipoanza kusema alisema polepole, na ilionekana hasira zake naye zilikuwa za siku nyingi.

"Mama, mimi nimewafungulia watu wawili mlango huu. Nimewaandikia barua, nimewasifu. Wa hesabu aliondoka akaniachia darasa zima. Vijana wale walikaa mwaka mzima wanatazama ubao mtupu, sina mtu wa kuwapa, kwa sababu nafasi bado ina jina lake. Wengine waliacha chuo. Wanakuja wazazi wao hapa ofisini wananiuliza mimi. Kila mtu mtaani kwenu anaijua nyumba ya vigae. Wale vijana nani anawajua?"

Mama Pasi alikuwa hajawahi kuwafikiria wale vijana hata dakika moja. Hilo nalo lilimkasirisha.

"Mwanangu si yule wa hesabu. Karudi. Umemhukumu hata hujamwita."

"Nilitaka kumwamini. Wale wafadhili wenyewe wameniandikia kwamba kamaliza vizuri. Halafu naambiwa na mama yake mzazi kwamba anaondoka. Sasa mama yake mzazi anasema haondoki. Nishike lipi? Jumatatu ni likizo, Alhamisi ni uongo. Nitajuaje kama leo hunidanganyi ili apate mshahara wa miezi miwili ya kungojea ndege?"

Hakuna mtu aliyewahi kumwita Mama Pasi mwongo usoni. Damu ilimpanda mpaka masikioni. Akashika ukingo wa meza ya Mkuu.

"Unataka nini?"

"Sitaki kitu, mama. Mtaa mzima unasema anaondoka. Dereva anasema, mke wangu kasikia saluni. Siku nikisikia mtaa unasema vingine, nitafikiri upya. Kikao ni kesho kutwa."

"Utasikia," alisema, akatoka bila kuaga, na gari hakulingoja.

Jioni ile baraza ya Fundi ilikuwa imejaa kama kawaida. Wanawake wamekuja kupimwa, wanaume upande wa pili wanacheza drafti, Mjomba akiwemo, na dereva wa Mkuu, ambaye akitoka kazini huwa hapo. Mama Pasi huwa havuki barabara ile. Watu humwendea yeye. Kwa hiyo alipovuka, cherehani ilinyamaza yenyewe.

Hakukaa. "Nina neno, mlisikie wote mara moja, maana sitarudia. Nilisema mwanangu yuko likizo. Niliwadanganya. Haendi popote. Alipewa mwaka mmoja, kaumaliza, karudi kazini kwake. Hakufukuzwa, hakufungwa, hakumpiga mtu. Mwenye kutaka kucheka acheke sasa hivi nikiwa hapa."

Hakucheka mtu. Afadhali wangecheka. Fundi aliinuka, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, macho yamemlowa.

"Tulijua, shoga yangu. Hukuwa na haja ya kujitesa. Sisi ni watu wako."

"Mlijua nini?"

"Basi, yameisha. Kufukuzwa si kufa."

"Fundi, nimesema hakufukuzwa."

"Sawa, hakufukuzwa," alisema Fundi, kwa sauti ile anayotumia mtu kumwambia mgonjwa kwamba rangi yake leo ni nzuri.

Mjomba alisukuma ubao wa drafti. "Dada, umetuvua nguo. Kulikuwa na haja gani? Ungeacha watu wafikiri anaondoka, siku zikapita, wakasahau."

"Kaka, nyamaza kabla sijakumbuka nani alikuosha ukiwa huwezi kujiosha."

Mjomba akaurudia ubao wake wa drafti. Lakini mama aliziona nyuso zote zile, moja moja, na akajua hakuna aliyeamini. Uongo aliutoa mara moja mlangoni, wakaumeza mzima. Ukweli kauvukisha barabara kwa miguu yake mwenyewe, wanautema. Alitaka kuwapa vidonge vyao, kila mmoja chake, na alikuwa navyo vya kutosha. Kisha akamwona dereva, ambaye alikuwa ameacha drafti yake na kutoa macho, mdomo nusu wazi, tayari umeshaanza safari ya kwenda kwa Mkuu. Akavimeza vidonge akarudi kwake.

Dereva alipeleka habari asubuhi, na aliipeleka kwa namna yake. Alimwambia Mkuu kwamba Dokta kafukuzwa, kwamba kule hatakanyaga tena mpaka afe, kwamba mama yake kaungama mbele ya watu akilia. Mkuu alijua la kufukuzwa si kweli, barua ya wafadhili ilikuwa kwenye droo yake. Lakini alijua pia kwamba mama mwenye kiburi kama yule hawezi kuvuka barabara kwenda kujiaibisha kwa ajili ya mshahara wa miezi miwili. Kikao kikakaa. Mtu wa mifugo akarudi kwa ng'ombe wake. Na barua ya binti ikatiwa sahihi, Mkuu akimwambia, kama binti mwenyewe alivyosimulia, "Ukinifanyia kama wale wa mwanzo, nitakufuata mwenyewe."

Dokta alirudi nyumbani na sanduku. Mama alikuwa mezani. Hakumwomba radhi, na yeye hakuidai. Aliweka sanduku mahali pake, akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Mama, kinyozi kaniambia nisikate tamaa, nchi ziko nyingi. Mtaa mzima unajua nimefukuzwa."

"Nimesikia."

"Niende nikawaeleze?"

"Waeleze uone."

Dokta akaanza kucheka, akacheka mpaka akafuta machozi. Mama alimwacha acheke. Yeye hakuona cha kuchekesha. Kila siku alikuwa anasikia sauti zikishuka watu wakipita mbele ya mlango wake, na hakuwa na la kufanya, kwani kila akisema kweli wanamhurumia zaidi.

Binti alipokaribia kuondoka alileta nguo zake za safari. Mama Pasi alizipiga moja moja, akamwambia kule ni baridi, akamwambia asikonde, kisha akamshika mkono kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika. "Mwaka mmoja."

"Mwaka mmoja, mama."

"Watakwambia maneno ukirudi."

"Najua."

Binti alikuwa hajafika hata kona Fundi alipovuka barabara na furushi la magauni aliyokuwa amemaliza kuyashona. Aliliweka mezani, akamtazama binti anavyokwenda.

"Na huyu ndio anaondoka?"

"Kesho."

"Atarudi huyu?"

"Atarudi."

Fundi akacheka, kicheko chema tu, cha mtu na rafiki yake. "Akirudi mapema tutajua na yeye kafukuzwa. Maskini nyinyi akina mama. Mna kazi ya kuwafichia watoto wenu."

Mama Pasi alilichukua lile furushi kama lilivyo, halijafunguliwa, akalirudisha mikononi mwa Fundi.

"Tafuta mtu mwingine wa kukupigia."

"Shoga, nimesema nini?"

"Nguo zako hizo. Mwenye pasi ya umeme yuko mtaa wa pili, yake inapapasa. Itakufaa."

Fundi alisubiri, akidhani ni hasira ya kupita kama nyingine zote walizovumiliana tangu ujana. Alisimama mpaka mkono ukamchoka. Mama Pasi alikuwa ameshageukia makaa, anayachochea, na alipoinua kichwa alimwita mpita njia mmoja amwambie kola yake imekaa vibaya. Fundi akavuka barabara na furushi lake. Magauni yake siku hizi hupigwa pasi mtaa wa pili, na wateja wanalalamika.